Ukungu kwenye nyumba ya kupanga: nani atengeneze, nani alipe

Masika yakishakolea, maswali huwa yale yale. "Ukuta wa chumbani umeota madoa meusi, mwenye nyumba anasema ni kwa sababu sifungui madirisha." "Mpangaji kahama kaniachia ukuta umeharibika, naweza kumdai?" "Nimelipa kodi ya miezi sita, hata mwezi haujaisha nguo zote kabatini zinanuka uvundo." Wanaouliza ni wapangaji na wenye nyumba, na wote wanataka jibu la neno moja.

Jibu linategemea maji yametokea wapi. Ukungu hauoti pakavu, na mahali palipolowa unaweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Ukiijua njia ya maji umeshamjua wa kulipa. Ndiyo maana tunaanzia ukutani, sheria tutaikuta mbele. Nimeandika nikiwa na Tanzania Bara kichwani, hasa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, ingawa habari za kuta na maji zinafaa kokote.

Andaa hivi kwanza

- Simu yenye kamera, na tochi.
- Kipande cha mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, upana wa kama sentimita 30, na selotepu pana.
- Mkataba wako, hata kama ni karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Kama mlikubaliana kwa mdomo, tafuta meseji za mwanzo na risiti za malipo. Upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo unaweza kuwa wa mdomo na bado ukatambulika kisheria.
- Picha za siku ulipohamia, kama unazo.
- Kwa usafi: glavu za mpira, barakoa, miwani ya kukinga macho, ndoo, matambara, sabuni ya unga na jiki.

Kama ndani kuna mtu mwenye pumu, mtoto mchanga au mgonjwa wa kifua, mhamishe chumba leo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, nalo linahusisha hali hiyo na pumu na matatizo mengine ya kupumua. Hili si jambo la kungoja fundi.

Hatua ya 1: Piga picha kabla hujagusa kitu

Piga ya mbali inayoonyesha chumba kizima, kisha ya karibu. Weka rula au kiberiti kando ya doa ili ukubwa uonekane. Rudia baada ya siku chache ukiwa umesimama pale pale. Piga na upande wa nje wa ukuta huo huo. Wengi husahau, na mara nyingi jibu liko huko: bomba linalodondosha, gata lililotoboka, au kifusi kilichorundikwa mpaka usawa wa dirisha.

Hatua ya 2: Usome ukuta

Hapa usiharakishe. Unyevu una njia tatu za kuingia, na kila moja ina alama zake.

*Unaopanda kutoka chini.* Huanzia sakafuni na kupanda mpaka kama usawa wa kiuno, na mara nyingi huishia kwenye mstari wa mawimbi. Rangi inavimba na kubanduka, plasta inamong'onyoka ukiipitishia kidole, na unaona unga mweupe wa chumvi. Unakuta kuta kadhaa za chini zimepatwa kwa pamoja. Chanzo ni maji ya ardhini kupanda kwenye tofali kwa sababu ile nailoni ya kutenga msingi na ukuta, ambayo mafundi huiita DPC, haikuwekwa au imechanika. Mikocheni, Msasani na maeneo mengine ambako maji ya ardhini yako karibu, hili ni la kawaida. Kuna na sababu nyingine ambayo Dar tumeizoea hadi hatuioni: barabara ya mtaa imemwagiwa kifusi mara nyingi mpaka iko juu kuliko sakafu ya nyumba, na kila mvua ikinyesha maji yanakuja kulala kwenye msingi.

*Unaovuja.* Hauna mpangilio wa chini kwenda juu. Ni doa la rangi ya chai kwenye dari ya jipsamu, au duara linalokua kila mvua ikinyesha, au ukuta unaopakana na bafu ambao haukauki hata kiangazi. Likiongezeka wakati wa mvua, angalia bati, misumari yake, gata na kingo za dirisha. Likiwa vile vile masika na kiangazi, shuku bomba lililo ndani ya ukuta, tangi la juu linalofurika, au bafu la jirani wa ghorofa ya juu.

*Mvuke wa ndani.* Hapa utaona vidoa vidogo vyeusi, vingi, juu ya rangi ambayo bado imeshikana vizuri. Viko kwenye kona, nyuma ya kabati, nyuma ya kitanda kilichogandishwa ukutani, juu ya mlango wa bafu, na kwenye viatu na mabegi ya ngozi. Chanzo ni maji ya kuoga, ya kupikia, nguo zinazoanikwa ndani, na kiyoyozi kinachopoza ukuta ambao hewa ya joto yenye unyevu ikiugusa inageuka maji.

Njia mbili zinaweza kuwapo chumba kimoja. Usishangae, na usiruhusu ya pili itumike kuficha ya kwanza.

Hatua ya 3: Thibitisha kwa majaribio mawili

Jaribio la nailoni: futa ukuta ukauke kwa juu, bandika kile kipande pande zote nne kwa selotepu kisipitishe hewa, kisha kiache siku moja hadi mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, unyevu uko hewani. Yakiwa nyuma, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani kwenyewe. Kama rangi imebanduka selotepu haitashika. Tumia sehemu ya jirani iliyo nzima.

Jaribio la mita: usiku funga bomba zote, hakikisha hakuna tangi linalojaa, piga picha mita ya maji. Asubuhi kabla mtu hajatumia maji, piga tena. Namba ikiwa imesogea, kuna maji yanakwenda mahali. Kama mita ni ya nyumba nzima, waombe wapangaji wenzako mfanye pamoja. Bila hivyo matokeo hayana maana.

Majaribio haya hayakugharimu kitu, na yanamaliza ubishi mwingi wa "hufungui madirisha".

Hatua ya 4: Gawa wajibu

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 (Sura ya 113) inaweka masharti yanayohesabiwa kuwamo kwenye kila upangaji hata kama karatasi yenu haikuyaandika. Kwa mwenye nyumba: nyumba, fleti au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anaingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Na pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, matengenezo ya paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni yake. Kwa mpangaji: aitunze nyumba katika hali nzuri, amruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua kwa wakati unaofaa baada ya kupewa taarifa, na airudishe ilivyokuwa. Hadaiwi uchakavu wa kawaida wala uharibifu wa ajali ambayo haikutokana na uzembe wake.

Ukiyaleta hayo kwenye ukuta wako, mgawanyo ni huu.

Unyevu wa kutoka chini ni wa mwenye nyumba, moja kwa moja. Hakuna namna mpangaji anavyoweza kusababisha msingi ukose nailoni.

Paa, gata, bomba la ndani ya ukuta na bafu la juu katika jengo lake ni vya mwenye nyumba pia. Mpangaji anaingia lawamani tu kama yeye ndiye aliyetoboa bomba akipigilia msumari wa televisheni, au aliona doa miezi mitatu akanyamaza mpaka dari likaanguka. Kunyamaza kuna gharama yake.

Mvuke ni wa mpangaji, kama chumba kina njia ya hewa na yeye kaiziba. Matundu ya juu ya dirisha yaliyojazwa magazeti kuzuia mbu, nguo zinazoanikwa sebuleni kila siku wakati uwani kuna kamba, sufuria inayochemka chumbani madirisha yamefungwa: hapo hana wa kumlaumu.

Ubishi mkubwa uko katikati. Chumba kina dirisha moja tu la alminiamu linalofunguka nusu, nalo linatazama fensi ya jirani hatua moja mbele. Bafu la ndani halina dirisha wala feni ya kutolea hewa. Uwani hakuna pa kuanika. Mwenye nyumba atasema ni mvuke, na ni kweli ni mvuke, lakini mpangaji hawezi kufungua dirisha ambalo halikujengwa. Kwangu mimi hilo ni la mwenye nyumba, na la mpangaji ni kushirikiana tu: kufuta bafu baada ya kuoga, kuacha mlango wazi.

Kiyoyozi: kama mkataba unasema huduma ni ya mpangaji, bomba lake la maji likiziba kwa vumbi ni juu ya mpangaji. Likiwa limefungwa na mteremko mbaya tangu mwanzo hadi maji yanarudi ukutani, ni juu ya aliyelifunga.

Hatua ya 5: Toa taarifa kwa maandishi

Kupiga simu ni heshima, kwa hiyo piga. Kisha andika, siku hiyo hiyo. Meseji ya WhatsApp inatosha kuanzia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, mradi uwe na uwezo wa kuonyesha kwamba haujachezewa. Kwa hiyo usifute mazungumzo, na usibadilishe simu bila kuyahamisha.

Mfano:

"Shikamoo mama. Ni mimi mpangaji wako wa chumba cha nyuma. Naomba kukujulisha kwamba ukuta wa chumbani, upande wa bafu, umelowa tangu wiki iliyopita na sasa umeota ukungu. Nimekutumia picha za tarehe 4 na tarehe 9. Jana usiku tulifunga bomba zote, lakini asubuhi mita ilikuwa imesogea, hivyo nahisi kuna bomba limepasuka ndani ya ukuta. Naomba utume fundi aangalie kabla ya Jumamosi. Jioni zote nipo nyumbani. Asante mama."

Angalia kilichomo: mahali, tarehe, jaribio, ombi, siku. Kisichokuwamo ni vitisho. Sheria usiitaje kwenye ujumbe wa kwanza; ukiitaja mapema mtu anaacha kufikiria ukuta anaanza kufikiria jinsi ya kukutoa. Na usimtumie dalali peke yake. Dalali akishachukua mwezi wake mmoja, kazi yake kwako imekwisha.

Wewe mwenye nyumba ukipokea ujumbe kama huo, jibu kwa maandishi pia, hata kama ni "nimepata, fundi anakuja Alhamisi". Kesho keshokutwa mpangaji akihama na kuacha ukuta umeoza, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha nani alikawia.

Hatua ya 6: Safisha kwa usalama wakati unasubiri

Fanya mwenyewe kama eneo halizidi kama mita moja ya mraba. Likizidi hapo, au likiwa limetokana na maji ya chooni, acha kwa fundi.

Fungua madirisha, vaa glavu, barakoa na miwani. Lowesha doa kwa maji ya sabuni kwanza. Ukilisugua likiwa kavu unarusha vumbi la ukungu chumba kizima. Sugua, futa kwa tambara, kisha pitisha jiki iliyochanganywa na maji kama chupa inavyoelekeza. Acha dakika kumi hivi, suuza, kausha kwa feni.

Onyo: jiki usiichanganye na kitu kingine chochote zaidi ya maji. Si siki, si dawa ya kuondoa uchafu wa choo, si dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na kwenye bafu lisilo na dirisha unaweza kukuangusha.

Dari ya jipsamu iliyooza haisafishiki, hukatwa na kutupwa. Godoro lililoota ukungu ndani, vivyo hivyo. Lipige picha na weka risiti kabla ya kulitoa, kama chanzo ni cha mwenye nyumba.

Hatua ya 7: Simamia fundi asije akapaka rangi tu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Fundi anakuja na kopo la rangi ya kuzuia maji, anapaka kwa ndani, ukuta unang'aa. Msimu ujao unyevu umepanda juu zaidi, kwa sababu maji yalizuiwa kutokea pale tu, hayakuzuiwa kuingia. Kubandika vigae ukutani ni rangi ile ile kwa bei kubwa zaidi.

Matengenezo ya kweli ya unyevu wa chini huanzia nje: kuondoa udongo na kifusi vilivyopanda juu ya usawa wa sakafu, kutengeneza mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta, kurekebisha gata. Kisha plasta iliyoharibika inabanduliwa hadi kupita mstari wa unyevu, ukuta unaachwa ukauke, ndipo unapigwa plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Mahali pabaya sana, fundi hukata ukuta kipande kwa kipande na kupitisha nailoni upya. Plasta mpya inahitaji wiki kadhaa kukauka kabla ya rangi. Fundi anayetaka kupaka keshokutwa anawahi kazi nyingine.

Kwa mvuke: sogeza kabati na kitanda kiasi cha kiganja kutoka ukutani, fungua pande mbili za nyumba saa za jua, na weka kiyoyozi nyuzi 24 au 25 badala ya 16. Usiku wa mvua, kufungua madirisha hakukaushi kitu. Hewa ya nje yenyewe imelowa.

Hatua ya 8: Ikishindikana, panda ngazi

Andika barua ya pili, sasa ya karatasi, ukitaja ujumbe wa kwanza na tarehe zake, na upe muda wa wiki mbili. Peleka nakala ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji wa mtaa hana mamlaka ya mahakama, ila wenye nyumba wengi huamka wakiitwa pale.

Kama hali inahatarisha afya, muone afisa afya wa kata, bwana afya au bibi afya. Ana mamlaka ya kukagua makazi chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, na ripoti yake ina uzito kuliko picha zako zote.

Mgogoro ukiendelea, unakwenda Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, halihukumu. Usuluhishi ukishindikana linakupa cheti. Siku 30 zikipita bila usuluhishi unaweza kuendelea mbele. Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako kuna mwenyekiti na wazee wa baraza. Kule nenda na picha, meseji, risiti na mkataba vimepangwa kwa tarehe.

Makosa yanayorudiwa

Kuzuia kodi kwa hasira. Ukisitisha kodi bila makubaliano, kesi inageuka: sasa wewe ndiye mdaiwa.

Kutengeneza kwanza, kudai baadaye. "Tukatane kwenye kodi" ni utaratibu mzuri, lakini kiasi kiandikwe na mwenye nyumba ajibu "sawa" kabla fundi hajashika nyundo.

Kwa mwenye nyumba: kukata maji au umeme, au kufunga mlango kwa kufuli ili mpangaji msumbufu ahame. Ukuta ulikuwa tatizo dogo kuliko hilo.

Ukikwama

*Mwenye nyumba yuko nje ya nchi, msimamizi hajibu.* Mwandikie msimamizi na mwenye nyumba kwa pamoja, kwenye ujumbe mmoja. Wengi wa walioko nje hawajui hata kama nyumba inavuja.

*Nimesafisha, umerudi baada ya wiki.* Chanzo bado kipo. Rudi hatua ya 3, na fanya jaribio la nailoni sehemu mbili tofauti.

*Mkataba unasema "mpangaji atafanya matengenezo yote".* Sentensi hiyo inafaa kwa balbu na vitasa. Kwa msingi na paa, usikubali kabla ya kulipeleka kwa mtu wa sheria. Kuna vituo vya msaada wa kisheria visivyotoza pesa.

*Bado sijahamia, ila nyumba imepakwa rangi mpya na nina wasiwasi.* Nenda siku ya mvua au siku inayofuata. Nusa ndani ya makabati, sogeza pazia, gusa ukuta wa chini kwa kiganja, tazama nje usawa wa ardhi na wa barabara. Waulize wapangaji waliopo, dalali akiwa mbali kidogo. Ukiona ukuta mmoja tu umepakwa upya, uliza kwa nini, na jibu liandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa ile miezi sita.